Mifuko Sita Bila Ufundi

Kaka yangu huhesabu kila kitu kwa mifuko ya saruji. Ukimwonyesha viatu vipya atauliza bei, atatazama juu kidogo, kisha atasema, "Hapo umevaa mfuko na nusu." Alipong'olewa jino alirudi ameshika shavu, na hakulalamikia maumivu, alilalamika kwamba daktari amekula mifuko miwili kwa muda wa kupiga chafya. Ndivyo alivyo tangu aliposhika mwiko mara ya kwanza, na mimi mdogo wake nimekwisha kuzoea.

Ni mwashi, na watu wanamwita Jicho. Akisimama kwenye kiwanja kitupu, akatembea kutoka pembe hii hadi ile na mikono nyuma, atakuambia nyumba yako inataka tofali ngapi, mchanga malori mangapi na saruji kiasi gani. Siku mafundi wanapokusanya vyombo vyao hakuna kinachobaki cha kutupa wala kilichopungua cha kukopa. Mimi ni ndugu yake na simsifu bure, lakini hilo nimeliona kwa macho yangu.

Ana masharti yake. La kwanza, hakadirii kwa simu. Mteja anaweza kuwa bosi wa mabosi, anaweza hata kulia, jibu ni lile lile: "Nipeleke kiwanjani." La pili, akishataja makadirio harudi nyuma. Waashi wengine huanza na bei ya kuvutia, halafu nyumba ikifika kwenye madirisha wanakuja na uso wa msiba: mzee, tumekosea kidogo, tuongezee. Yeye akikosea, hasara ni yake na anaimeza kimya kimya. Hajawahi kumwambia mteja neno "nimekosea", na kusema kweli sidhani kama aliwahi kumwambia mtu mwingine yeyote.

La tatu ndilo lililomponza. Makadirio yake yote yana sehemu mbili, vifaa na ufundi. Vifaa huletwa na lori; ufundi ni malipo ya mikono inayovipanga. Wateja hulipa vifaa bila maneno, kwa sababu wanaviona. Ikifika kwenye ufundi ndipo vikohozi vinaanza. Hapo kaka husimama wima, akamtazama mteja usoni na kusema, "Sawa. Basi mwambie saruji ijipange yenyewe." Mtaa mzima tunaijua sentensi hiyo. Jioni alikuwa akirudi nayo nyumbani, akimsimulia mkewe ni nani leo kakataa kulipa ufundi, na mkewe alikuwa akichochea sufuria huku akiitikia, "Ehe. Ikawaje?"

Nasema mkewe, lakini waliachana mwaka jana. Hakuna aliyefumaniwa, hakuna aliyempiga mwenzake, na wale majirani waliotegea habari tamu walikwenda kulala na njaa. Kaka alikuwa haonekani nyumbani, na akionekana alikuwa anaongea na tofali kichwani. Wifi yangu alichoka kuitikia, basi. Alipanga chumba na sebule mitaa miwili kutoka kwangu, akaenda na mtoto. Mimi nilimwambia kaka mapema: mke umemwacha wewe, wifi sijamwacha mimi. Aliendelea kuja saluni kwangu kusukwa kila baada ya wiki mbili, na kaka akapita mlangoni akijifanya anatazama paa.

Mtoto wao ana miaka saba, na sisi tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haulali. Anauliza kwa nini kivuli hakichafuki, kwa nini watu wazima wanapiga miayo kanisani na msikitini lakini si sokoni, na jibu ukilikosea anakurudisha mwanzo. Baba yake alimpenda na anampenda, hilo sikubali mtu alitilie shaka. Lakini alimpenda kwa simu. Mtoto akimuuliza, "Baba, unakuja lini?" kaka alijibu kama anavyowajibu watu wote: "Nakadiria Jumamosi." Jumamosi ikifika kulikuwa na zege la kumwaga. Mara moja nilimkuta Chiriku ameketi kizingitini mwa nyumba yao na begi lake mgongoni, nikamuuliza anamsubiri nani. Akasema, "Baba alikadiria leo." Niliumia sana siku ile, na sikujua nimchukie nani.

Basi mambo yakaanza hivi. Wifi alikuwa akifua nguo za watu kwa mkono, kazi ya kijungu jiko, unapata cha leo tu. Mwaka huu akaitwa kwenye hoteli moja kubwa, idara ya dobi, kazi ya kudumu yenye mshahara wa kila mwezi na bima ya matibabu. Tatizo lilikuwa moja tu. Kazini anatoka jioni, na shule inawatoa watoto mchana. Saa hizo za katikati alihitaji mtu wa kumchukua Chiriku, kumlisha na kukaa naye, na mtu huyo hafanyi bure. Kama asingepata pesa ya kumlipa, ingebidi mtoto apelekwe kwa mama yake mkubwa, safari ya kutwa nzima kwa basi, akasome huko kuanzia muhula mpya. Baba atakayemwona Jumamosi za kukadiria kutoka mbali vile, mimi simjui.

Alimwambia kaka. Kaka akasema anamtisha tu. Wifi akapiga moyo konde, akaenda kwa afisa ustawi wa jamii.

Kila upande uliruhusiwa kuja na ndugu mmoja. Wifi aliniomba nimsindikize. Kesho yake kaka akaniomba nimsindikize. Nikafunga saluni, nikaenda na wote wawili, nikakaa katikati kama mto wa kochi.

Afisa alikuwa bwana mmoja mpole, mnene kiasi, mwenye kauli ndogo. Ofisi yake ilikuwa na meza, viti vinne visivyofanana, na boksi la midoli iliyokatika mikono pembeni. Juu ya kabati palikuwa na feni. Baadaye niligundua kwamba watu wakianza kupandishiana sauti, anainuka taratibu anaizima, na joto linawatuliza wenyewe. Mtu hawezi kutukana sawasawa huku akijifuta jasho.

"Hapa hatumtafuti mwenye makosa," alisema. "Tunatafuta vitu vinne. Mtoto anahitaji nini, mama anapata nini, baba anapata nini, na mtoto analala kwa nani siku ngapi. Tukivipata, kiasi kinajitokeza."

Wifi akataja mshahara atakaoanza nao. Kaka akasema kazi ya ujenzi haina mshahara, mwezi mmoja anashiba, mwezi mwingine anakula mate. Afisa akamwambia si neno, tuchukue mapato ya mwaka mzima, ya shibe na ya njaa, tuyagawe kwa miezi. Kaka alipenda hiyo. Ni hesabu anayoifahamu. Nikamwona anavuta kiti mbele, na moyoni nikasema, haya, fundi kaingia kiwanjani.

"Nimeshakadiria," alisema. Akaanza kutaja, bila karatasi, kwa vidole. Chakula cha mtoto wa umri ule. Ada na daftari. Sare mbili kwa mwaka, viatu jozi mbili maana anaburuza miguu. Dawa, maana kila mvua zikianza kifua kinambana. Sehemu yake ya pango, ya maji na ya umeme. Hata mafuta ya nywele aliyakumbuka. "Jumla naigawa kati yetu kwa mapato, mimi napata zaidi kidogo basi nabeba zaidi kidogo. Kwangu inakuja mifuko sita kwa mwezi."

Afisa akakodoa macho. "Mifuko ya nini?"

"Ya saruji," tulijibu mimi na wifi kwa pamoja.

Afisa akapiga kikokotoo chake, akaibadili mifuko kuwa pesa, akatikisa kichwa kwa heshima. "Nimefanya kazi hii muda mrefu," alisema. "Baba wengi wakija hapa hawajui hata mtoto yuko darasa la ngapi. Mama, unasemaje?"

Wifi alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili mapajani. Alisema polepole, "Hesabu ya vifaa iko sawa. Sina ugomvi nayo."

Kaka akatabasamu, akaegemea kiti.

"Ila ufundi sijauona," wifi akaendelea. "Baba Chiriku, ufundi umeuweka wapi?"

Afisa akauliza ufundi gani. Wifi akasema, "Yeye anajua." Na kweli alijua. Nilimwona tabasamu linavyomtoka usoni, na masikio yake yakawa mekundu pamoja na weusi wake wote.

"Yule ni mtoto," kaka alisema. "Si ukuta."

"Ndiyo. Ukuta hauamki na homa."

"Kwa hiyo unataka nikulipe umama?"

Afisa akainuka, akazima feni.

"Umama wangu hauuzwi," wifi alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nimepata kazi. Kati ya saa anazotoka shule na saa ninazorudi, lazima awepo mtu wa kumnawisha, kumpa chakula, kusikia habari zake na kumwangalia asiende barabarani. Mtu huyo ana mikono. Miaka yote niliyokaa nawe umenifundisha kwamba mikono inalipwa. Umehesabu chakula, hukuhesabu anayepika. Umehesabu sare, hukuhesabu anayefua. Ukimweka naye, inafika mifuko tisa. Au nimwambie saruji ijipange yenyewe?"

Jamani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kutazama boksi la midoli. Kaka akasimama. Akasema yeye makadirio yake harudii, hajawahi na hataanza leo, mifuko sita ndiyo sita. Afisa hakubishana naye. Alisema anawapa wiki mbili wakafikirie, wakishindwa kuelewana atapeleka jambo mahakamani, na mahakama itaamua kwa haki lakini haina haraka. "Muhula nao hausubiri," alimalizia, akawasha feni.

Kaka alikuwa anajenga ukuta wa uzio mkabala na saluni yangu, wa mzee mmoja mstaafu. Mstaafu huyo alikuwa na nidhamu ya pesa, tuseme hivyo. Saruji aliinunua mwenyewe, mchanga aliununua mwenyewe, na chenji alihesabu mara mbili. Siku chache baada ya kutoka kwa afisa, nilikuwa namsuka mteja karibu na mlango nikasikia sauti yake.

"Fundi, hii ya ufundi ni kubwa mno. Vifaa vyote nimeleta mimi. Wewe umeleta mikono tu, na mikono umezaliwa nayo."

Mimi na mteja wangu tulitazamana. Tuliijua inayofuata. Niliacha kusuka, mteja akageuza shingo, na muuza maji ya kunywa aliyekuwa anapita akasimamisha mkokoteni wake. Kaka akasimama wima. Akamtazama mzee usoni. Akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Alisimama vile, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau jina la mkwewe. Kisha akautazama mwiko mkononi mwake, akaugeuza upande wa pili, na kusema, "Haya mzee. Toa ulichonacho."

Chanuo liliniponyoka. Mstaafu mwenyewe aliduwaa, alikuwa amejiandaa kwa vita akakuta mlango uko wazi, na nadhani hakuufurahia ushindi ule.

Mchana kaka alivuka barabara, akaingia saluni na vumbi lake lote, akaketi kwenye kiti cha wateja chini ya mashine ya kukaushia nywele. Sikumfukuza, ingawa kiti kile nilikuwa nimekifuta asubuhi.

"Wifi yako ameniharibia kazi," alisema.

"Amekuharibia au amekufahamisha?"

"Nikitaka kuisema, namwona amekaa na ule mkoba." Alijifuta uso kwa kiganja, vumbi likahamia kwenye paji. "Haya, mdogo wangu, wewe unaingia kwake kila siku. Nitajie kazi zenyewe. Anafanya nini na nini? Nitajie niweke bei, tumalize."

Hapo hasira zilinipanda. Mimi ni mtu wa maneno mengi lakini sina hasira nyingi, zikija huwa zimetoka mbali. "Nikutajie hapa, kwa mdomo?" nilisema. "Wewe ukipigiwa simu na mtu anayetaka kujenga choo cha shimo unamwambia nipeleke kiwanjani. Mtoto wako umemkadiria umekaa kwenye kiti cha serikali, hujawahi kuingia alipohamia hata mara moja. Unajua bei ya viatu vyake. Unajua anavifungaje?"

Kinyozi hajinyoi, tunasema, lakini bado inauma kumwona kinyozi akitambua kwamba ana manyoya mpaka machoni. Alinyanyuka, akakipangusa kiti kwa mkono wake mchafu, akakiacha kichafu zaidi, akatoka.

Yaliyofuata alinisimulia wifi, nikiwa nimeshika kichwa chake, na mtu uliyemshika kichwa hana pa kukimbilia.

Kaka alimpigia simu. Akasalimia kwa adabu, akauliza hali, kisha akasema, "Mama Chiriku, naomba kuja kuona kiwanja." Wifi alisema alicheka mpaka akaketi, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza kucheka na yule mwanamume tangu mambo yao yaanze kupoa. Alimwambia aje asubuhi kabla ya shule.

Akaja. Akapewa stuli mlangoni mwa jiko, akakaa na futi kamba kiunoni kama kawaida yake. Chiriku akaamka, akamkuta. Alimzunguka mara moja akiangalia kama ni yeye. "Baba, umekuja kupima nini?" Kaka akasema amekuja kutazama tu.

Na alitazama. Maji ya kuoga yalibandikwa, uji ukabandikwa kwenye moto ule ule, soksi moja ikapotea, ikatafutwa, ikapatikana ndani ya sufuria ya kuchezea. Kichwa kikachanwa kwa machozi. Sare ikapigwa pasi. Na wakati wifi anapiga pasi, Chiriku alikuwa amesimama mbele ya bakuli lake la uji, haunywi, anasimulia ndoto aliyoiota. Ndoto ilikuwa ndefu. Palikuwa na mbuzi aliyeendesha basi, palikuwa na bibi mmoja aliyekataa kushuka. Wifi hakumwambia kula upesi. Alikuwa akipitisha pasi na kuuliza, "Ehe, mbuzi akasemaje?" mpaka ndoto ikafika mwisho wake, na ilipofika mwisho mtoto akakaa, akanywa uji wote bila kuambiwa.

"Hiyo nayo ni kazi?" kaka aliuliza. Hakuuliza kwa ubishi, wifi alisema. Aliuliza kama anavyouliza mchanga umetoka mto gani.

"Ndoto isiposikilizwa, uji haunyweki," wifi akamjibu. "Na akienda bila uji, mwalimu ananipigia simu." Yeye mwenyewe chai yake aliinywa amesimama, akaiacha nusu.

Wakaenda shuleni wote watatu. Getini Chiriku akaaga, akakimbia. Kaka akageuka kuondoka, ana kazi inamsubiri. Wifi akamvuta shati. "Bado," akasema. Kaka akauliza bado nini. Wifi akaendelea kutazama uwanjani. Chiriku alifika mlangoni mwa darasa, ndipo akageuka kuhakikisha kama mama yupo. Akaona watu wawili. Wifi alisema mtoto hakupunga mkono kama siku zote. Alisimama tu akawatazama, watoto wengine wakimpita na kumsukuma, mpaka mwalimu akaja akamwingiza ndani.

"Na yeye?" nilimuuliza wifi.

"Alivua futi kamba kiunoni akaitia mfukoni," wifi alisema. "Usinivute hivyo, unaniumiza."

Wiki mbili zilipotimia tulirudi kwa afisa, mimi katikati tena. Kaka alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya, bila shaka kwa mkono wake mwenyewe. Hakungoja kuulizwa.

"Afisa," alisema, "nimekosea makadirio."

Afisa aliitikia kwa kichwa tu, kwa sababu kwake ni maneno ya kawaida. Mimi nilijua uzito wake. Nilimtazama wifi, naye alikuwa anatazama mkoba wake. Miaka tisa ya ndoa hakupewa neno hilo, akalipata kwenye ofisi ya serikali feni ikizunguka.

"Umekosea wapi?" afisa aliuliza.

"Nilikadiria kwa simu."

Kisha akaeleza. Mifuko tisa anayoitaka Mama Chiriku ni haki, lakini hataki kudanganya: miezi ya njaa hataifikisha, na ahadi ya uongo ni ukuta bila msingi. Basi atatoa sita kila mwezi, mvua au jua. Ufundi atautoa kwa mikono. Kwenye ujenzi, mteja akishindwa kulipa ufundi anavua shati na kubeba tofali mwenyewe, na yeye hana aibu na hilo. Waashi huanza kazi alfajiri. Ataweza kuacha mchana. Atamchukua mtoto shuleni kila siku ya shule, atakaa naye mpaka mama atoke kazini. Akipata kazi ya mbali, siku hizo atamlipa mtu kwa bei kamili, bila kukohoa.

Afisa akamgeukia wifi. Wifi akafikiri kidogo. "Akichelewa?" aliuliza.

"Nikichelewa mara mbili kwa mwezi, nalipa mifuko tisa mwezi huo," kaka alisema.

"Andika," wifi akamwambia afisa. Afisa akaandika, wote wakatia saini, na nje ukumbini wakaagana kwa kupeana mikono. Msidhani walirudiana. Hawakurudiana, na nyumba mbili zimebaki mbili. Lakini tiketi ya basi haikukatwa.

Jumatatu ya kwanza nilisimama mlangoni makusudi. Ukuta wa mstaafu ulikuwa umefika kifuani. Mchana ulipofika kaka alikata mwiko wa mwisho, akaupangusa, akaanza kuvaa viatu. Mstaafu akatoka mbio.

"Fundi! Unakwenda wapi na jua lote hili?"

"Nina kazi nyingine, mzee."

"Kazi nyingine? Na hiyo nani anakulipa?"

"Hiyo silipwi," kaka alisema. "Hiyo nalipa."

Mstaafu akanitazama mimi ng'ambo ya barabara kama anayeomba tafsiri. Nikamwambia, "Ndiyo hivyo, baba." Nilikuwa na machozi, na sikuona haya.

Alirudi baadaye kidogo, mkono mmoja umebeba begi la shule, mwingine umeshikwa na Chiriku, ambaye alikuwa anasimulia jambo refu lenye mwalimu na nyuki. Kila akisita, nilimsikia kaka akisema, "Ehe, nyuki akafanyaje?" Hakukosea mahali pa kuuliza. Walikaa saluni kwangu, mtoto akala, akafanya hesabu zake, akamweleza babaye kwamba kamba za viatu hufungwa mara mbili la sivyo zinafunguka mstarini. Kaka akapiga magoti na kuzifunga mara mbili.

Jioni wifi akaja kumchukua, bado na harufu ya sabuni ya hoteli. Mtoto alipokuwa anavaa begi, akamgeukia baba yake.

"Kesho utakuja?"

"Nitakuja."

Chiriku akamtazama kwa makini. "Unakadiria au unajua?"

Kaka alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Najua," alisema.

Mtoto akaitikia, akamshika mama yake mkono, wakatoka. Kaka akabaki pale mlangoni. Nilimwambia saruji aliyoiacha mchana kwenye karai itakuwa imeganda, akasema iache igande. Walifika kwenye kona ya barabara, na alikuwa bado amesimama, na Chiriku akageuka.